Akaunti za wanafunzi zinazaliwa na majina ya ajabu yanayoanza na $ kwenye Active Directory. Nani anayatunga?

#1 Fundi wa Pasua
Habari wakuu. Niko kitengo cha TEHAMA kwenye chuo kimoja hapa Moshi. Tuna Active Directory (AD, direktori ya Microsoft inayotunza akaunti za watumiaji) yenye DC mbili, yaani seva zinazoiendesha, moja hapa na nyingine kampasi ya Arusha. Msimu huu wa kusajili mwaka wa kwanza akaunti zinaingia kwa mkupuo, na baadhi zinatokea na jina la kuingilia la namna hii:

$KF2000-3TKQ7LM0R5VA

Jina kamili la mwanafunzi liko sawa, barua pepe iko sawa, idara iko sawa. Ni pale kwenye sAMAccountName tu, yaani jina fupi la kuingilia, ndipo kuna huo mchanganyiko. Wenzao waliosajiliwa siku hiyohiyo wana majina ya kawaida kabisa. Mwanafunzi akiingia kwa anwani yenye @ anaingia bila shida. Akija kwenye Wi-Fi au kompyuta za maktaba anakwama, na folda yake kwenye seva ya mafaili nayo imeitwa kwa hilo jina la dola.

Bosi anasema ni kirusi. Mimi siamini. Nani ameshakutana nalo?

#2 Chalii wa Chuga
Dola zinadondoka zenyewe Moshi halafu mnalalamika? Huku Arusha tunazifuata porini na watalii. Natia nanga hapa, wenye madini wateremke.

#3 Mzee wa Seva
Fundi, mwambie bosi atulie, hicho si kirusi. Jina hilo limetungwa na Active Directory yenyewe.

Enzi za Windows 2000 sAMAccountName ilikuwa lazima. Ukileta akaunti bila hiyo, inakataliwa. Kuanzia Windows Server 2003 utaratibu ulibadilika: ukiunda akaunti bila kutaja sAMAccountName, seva haikugombezi, inakutungia jina la kubahatisha na kuendelea. Hebu hesabu hilo jina lako: alama ya dola, herufi sita, kistari, herufi kumi na mbili. Jumla 20. Na 20 ndio mwisho wa urefu wa sAMAccountName kwa akaunti ya mtu. Hapo hakuna sadfa.

Ukitengeneza akaunti kwa mkono kwenye dirisha la kawaida la Users and Computers hutaliona jina hilo, kwa sababu dirisha linakulazimisha kujaza. Linatokea pale ambapo kuna programu au skripti inayozungumza na direktori moja kwa moja kwa LDAP (lugha ya kuwasiliana na direktori), na haikupeleka hiyo sehemu. Swali sahihi ni hili: akaunti zako zinaundwa na nini?

Kitu kingine cha kuangalia ni userAccountControl, namba inayoonyesha hali ya akaunti. Ikiwa iliwahi kuwa 546, ujue akaunti iliundwa kwa LDAP bila maelezo mengi: 512 ya akaunti ya kawaida, 2 ya kufungwa, 32 ya kutodai nywila.

#4 Sakina kwa Iddi
Mzee shikamoo. Lakini tusiende haraka. Amesema ana DC mbili, Moshi na Arusha. Mimi naiona replikesheni hapo, yaani DC kunakiliana taarifa. Kati ya saiti na saiti, muda wa kawaida ukiuacha ulivyo ni dakika 180. Saa tatu nzima! Moshi wanamuunda nmushi saa nne asubuhi, Arusha wanamuunda nmushi mwingine saa tano, hakuna anayejua ya mwenzake. Taarifa zikija kukutana, mmoja lazima abadilishwe jina. Ndiyo hiyo dola.

#5 Mzee wa Seva
Marahaba Sakina. Mgongano unaousema upo kweli, ila sura yake si hiyo. sAMAccountName mbili zikigongana baada ya replikesheni, ya mmoja inageuzwa kuwa $DUPLICATE- ikifuatiwa na namba. Na kama kilichogongana ni jina la kitu ndani ya OU (folda ya direktori) moja, utaona CNF: na GUID (namba ya utambulisho) ndefu nyuma yake. Fundi hajaonyesha hata moja kati ya hayo.

#6 Dada wa Njiro
Mimi nimeyaona kwa sura hiyohiyo ya Fundi, kwenye hoteli moja hapa Arusha, na wala hapakuwa na skripti. Tulikuwa na Exchange, seva ya barua pepe ya Microsoft. Tulikuwa tunaunda visanduku vya barua vya kumbi za mikutano, vile vya kuwekea nafasi ya ukumbi kwenye kalenda. Kila kimoja kinazaliwa na akaunti iliyofungwa, na jina lake ni hiyo dola na herufi. Tuliziacha hivyohivyo maana hakuna mtu anayeingia kwa akaunti ya ukumbi.

Fundi, mna Exchange hapo? Na hao wenye dola, je, wote ni watu?

#7 Fundi wa Pasua
Asanteni sana. Dada, hatuna Exchange ya ndani. Barua ziko Microsoft 365, na akaunti zinapanda huko kutoka kwenye AD yetu. Wote wenye dola ni wanafunzi halisi.

Mzee, umegusa penyewe. Kuna mfumo wa usajili uliojengwa na mkandarasi. Mwanafunzi akishathibitishwa malipo, mfumo unaunda akaunti kwa LDAP. Kanuni yake ni jina la kwanza, nukta, jina la ukoo. Ninachokwama ni hiki: kama mfumo haupeleki sAMAccountName, mbona wengi wanaipata vizuri?

#8 Uru Kaskazini
Urefu! Angalia majina yetu ya huku. Chukua elingikunda.lyakurwa. Hesabu: 11, nukta, 8. Ishirini kamili, inapita kwa kugusa ukuta. Sasa atokee wa pili mwenye majina hayohayo, mfumo uongeze herufi ya jina la katikati: elingikunda.n.lyakurwa. Hiyo ni 22. Seva inakataa. Aliyeandika mfumo akaweka kwamba ikikataliwa, jaribu tena bila hiyo sehemu. Ya pili inapita, na AD inajaza dola.

UPN, ile yenye @, haina ukomo wa 20. Ndiyo maana barua pepe ya mwanafunzi iko sawa huku lile jina la mtindo wa zamani, sAMAccountName, limeharibika.

#9 Karanga Darajani
Nakubali nusu, Uru. Mfumo kujaribu mara ya pili bila sAMAccountName ninaliona. Lakini sababu ya kukataliwa naiona kwingine. Fundi, namba za usajili za chuo chenu zina mkwaju? Vyuo vingi vinaandika idara, mkwaju, namba, mkwaju, mwaka. Hata namba ya mtihani ya kidato cha nne inakuja na mkwaju. Na mkwaju ni marufuku kwenye sAMAccountName. Marufuku nyingine ni hizi: " \ [ ] : ; | = , + * ? < >. Na jina haliruhusiwi kuishia na nukta.

Hiyo nukta ya mwisho msiidharau. Mtu ana jina moja tu kwenye fomu, la ukoo halikujazwa. Kanuni ya jina.ukoo inatoa "neema." na hapo seva inakataa.

#10 Fundi wa Pasua
Nimetoka kuziangalia. Uru, wapo wenye majina marefu, lakini wapo pia wenye majina mafupi kabisa, herufi kumi hazifiki. Karanga, namba zetu zina mkwaju kweli, ila mfumo unaziweka kwenye sehemu nyingine ya akaunti, employeeID. Isipokuwa idara moja, ambayo zamani iliomba wanafunzi wake waingie kwa namba ya usajili. Baadhi ya wenye dola wanatoka huko. Siyo wote.

#11 Binti Kaloleni
Kaka Fundi, hao wenye majina mafupi, hebu angalia kama wana ng' ndani. Ng'wandu, Ng'unda, na wenzao. Alama ile ya juu haikatazwi na AD, ila inavuruga skripti. Mtu anatafuta kwanza kama jina lipo, anaandika jina ndani ya alama hizohizo za kufungua na kufunga, ng' inafunga sentensi kabla ya wakati wake, na utafutaji unatoa kosa. Na majina yakipitia Excel au Word, alama iliyonyooka inageuzwa kuwa ile iliyopinda. Kwa macho ni ileile, kwa kompyuta ni herufi nyingine kabisa. Microsoft 365 inaipokea iliyonyooka kwenye jina la kuingilia, iliyopinda haiitaki.

Inaniuma kuona watoto wa watu wanaambiwa "jina lako lina matatizo". Jina lake liko sawa. Aliyeandika programu hakuwafikiria watu atakaowahudumia.

#12 Chalii wa Chuga
Binti umeongea vizuri, pokea maua yako.

Wakuu, mimi nimeenda kuchungulia kwangu kama ninazo. Ninayo moja, naiona kabisa kwenye dirisha. Nikiitafuta kwa PowerShell (dirisha la amri la Windows) naambiwa haipo. Naandika Get-ADUser "$KM1000-..." na jina lote hadi mwisho, nimelikopi, sijakosea herufi. Je, hiyo siyo dalili ya kirusi kujificha?

#13 Mbuyuni Terminal
Chalii, hakuna aliyejificha. Kwenye PowerShell, dola ndani ya nukuu pacha ni mwanzo wa kigezo, yaani jina la kuhifadhia thamani. Inasoma $KM1000 kama kigezo, inakikuta kitupu, inakitupa, inabaki kistari na herufi za nyuma. Unatafuta jina ambalo halipo. Tumia nukuu moja:

Get-ADUser -Identity '$KM1000-...'

Kuziona zote kwa pamoja:

Get-ADUser -LDAPFilter '(sAMAccountName=$*)'

Kwenye Linux ukitumia bash mambo ni hayohayo. Na hapa ndipo skripti za kuunda folda zinapoharibikia: zinapokea jina la dola, zinalikata kichwa, folda inazaliwa na jina lililoanza na kistari.

#14 Njoro ya Dobi
Ndiyo maana folda za dola hazionekani kwenye mtandao. Windows inaficha chochote chenye dola.

#15 Mbuyuni Terminal
Hapana, Njoro. Kinachofichwa ni folda iliyoshirikiwa ambayo jina lake linaishia na dola, kama C$ au ADMIN$. Dola ya mwanzoni haifichi kitu. Vilevile akaunti za kompyuta zinaishia na dola, hazianzi nayo. Usije ukaandika kichujio kimoja ukafuta kompyuta za ofisi nzima.

#16 Mzee wa Seva
Tumekisia vya kutosha, sasa Fundi afungue ushahidi. Kuna sehemu mbili.

Ya kwanza ni logi ya Security kwenye DC. Tukio 4720 ni kuundwa kwa akaunti, na linakuambia nani ameunda. Tukio 4781 ni kubadilishwa kwa jina la akaunti. Angalia DC zote mbili, kwa sababu tukio linaandikwa pale lilipotokea tu. Wahi, logi ikijaa inafuta ya zamani.

Ya pili haifutiki kwa urahisi: repadmin /showobjmeta, kisha jina la DC, kisha DN (anwani kamili ya akaunti kwenye direktori) ya mwanafunzi. Itakupa kila sehemu ya akaunti, DC ilikoanzia, saa, na toleo, yaani imeandikwa mara ngapi. Tafuta mstari wa sAMAccountName. Toleo likiwa 1, mtoto alizaliwa na dola. Likiwa 2 au zaidi, kuna mtu au programu iligusa baadaye. Hapo ndipo utajua kama unawinda muundaji au mbadilishaji.

#17 Fundi wa Pasua
Mzee, hiyo amri ni dhahabu. Majibu haya hapa.

Karibu wote wana toleo 1, kwa hiyo walizaliwa hivyo. Kwenye 4720 wengi wameundwa na akaunti ya huduma ya mfumo wa usajili. Lakini kuna kundi dogo lililoanzia DC ya Arusha, na muundaji ni akaunti ya mtumishi wa kawaida wa kitengo. Nimempigia. Anasema usajili ukichelewa anatumia faili la CSV na csvde (amri ya kuingiza akaunti kutoka kwenye faili) ili wanafunzi wasikose mitihani ya majaribio.

Na kuna wachache, toleo lao ni 3.

#18 Sakina kwa Iddi
Arusha! Nilisema Arusha ina mkono. Sasa unganisha na dakika 180. Mtumishi wa Arusha anaingiza watu kwa faili. Mfumo wa Moshi haujawaona bado, unaingiza walewale au majina yaleyale. Mzee, nakubali mgongano wa moja kwa moja unatoa $DUPLICATE-. Ila fikiria ikishafika replikesheni: mfumo unamleta nmushi wa pili, DC ya Moshi tayari inamjua wa kwanza, inamkataa palepale, mfumo unajaribu tena bila sAMAccountName. Dola haikutungwa na replikesheni, ila replikesheni ndiyo iliyofungua mlango.

#19 Uru Kaskazini
Huo mlango tunaufungua sote. Urefu, mkwaju, nukta ya mwisho, jina kurudiwa, yote yanaishia kwenye "imekataliwa, jaribu tena bila". Aulizwe mkandarasi tu kama hiyo "jaribu tena" ipo.

#20 Fundi wa Pasua
Ameulizwa. Anasema haipo. Anasema mfumo unapeleka sAMAccountName kila mara.

#21 Karanga Darajani
Mwambie afungue kodi tuione. Neno tupu linaweza kupelekwa "kila mara" pia. Kama safu ya CSV au ya hifadhidata ina nafasi mwishoni mwa jina lake, programu inaisoma kama safu nyingine, inapata tupu, na maktaba nyingi za LDAP huiacha sehemu tupu isiende. Naye kwa nia njema anaamini imeenda.

#22 Dada wa Njiro
Wakati mnawinda, kuna wanafunzi wanasubiri Wi-Fi. Fundi, kurekebisha ni Set-ADUser na -SamAccountName jina jipya, lakini hakikisha kwanza jina hilo halina mwenyewe kwenye domeini nzima, usiangalie OU tu. SID (namba ya kudumu ya akaunti) haibadiliki, kwa hiyo ruhusa zake za mafaili na makundi yake vinabaki. Kinachobaki nyuma ni folda ya wasifu kwenye kompyuta aliyowahi kuingia, njia ya folda yake ya mtandaoni, na skripti yoyote inayotumia %USERNAME%. Folda ya mtandaoni ibadilishe jina na homeDirectory kwa pamoja. Fanya wakati mwenyewe hajaingia.

#23 Mbuyuni Terminal
Nyongeza kwa wenye maabara za Linux. Mkitumia SSSD (programu inayounganisha Linux na AD) na ile njia yake ya kukokotoa namba ya mtu kutoka kwenye SID, umiliki wa mafaili hauguswi. Ila njia ya nyumbani inajengwa kwa jina, kwa hiyo mwanafunzi ataingia na kukuta chumba kipya kitupu. Hamisha yaliyomo kabla hajaja analia. Na walio kwenye Samba (programu huria inayoweza kufanya kazi ya DC) wasijione salama, nayo ikinyimwa sAMAccountName inatunga jina la dola.

#24 Njoro ya Dobi
Mimi nasema tatizo ni kutumia majina ya watu. Moshi hii, ukisema Mushi, Massawe au Kimaro umetaja nusu ya darasa. Wapeni namba.

#25 Binti Kaloleni
Njoro, namba sawa, lakini bila mkwaju. Na kuna sababu nzuri ya namba ambayo hujaisema: dada akiolewa akabadili jina la ukoo, akaunti yake haihitaji kuguswa. Kwenye ofisi niliyopo sasa, wengi wanaobadilishiwa majina ya kuingilia ni wanawake, na kila badiliko linaacha kitu nyuma, mara sahihi ya barua, mara folda, mara printa.

#26 Sakina kwa Iddi
Napinga. Mkuu wa idara anatafuta mtu kwenye orodha anakuta 20231457. Atajuaje ni nani? Jina la kuonyesha lipo, ndiyo, lakini kwenye logi za saa nane usiku unaona namba tu.

#27 Chalii wa Chuga
Nje ya mada kidogo. Laptopu yangu mpya niliiwasha kwa akaunti ya Microsoft, folda yangu chini ya Users imekatwa, ina herufi tano tu za barua pepe yangu. Nayo ni ukoo mmoja na hii dola?

#28 Mbuyuni Terminal
Si ukoo mmoja. Hiyo ni Windows yenyewe kwenye kompyuta yako, inachukua herufi tano za mwanzo za anwani. Direktori haihusiki. Ukitaka folda yenye jina lako kamili, anza na akaunti ya ndani, halafu uunganishe ya Microsoft baadaye.

#29 Majengo Kati
Wakuu nimesoma uzi wote, ubarikiwe Mzee. Mimi shida yangu ni ya juu, kwenye wingu. Mtumishi ameonekana huko na tarakimu nne nyuma ya jina lake na anwani ya onmicrosoft.com. Huku chini AD iko safi.

#30 Mzee wa Seva
Majengo, hiyo ni nyingine. UPN yako imegongana na ya mtu aliyekwishakuwepo kwenye wingu. Badala ya kumkataa mtu wako, wingu linampa tarakimu nne za kubahatisha na domeini ya onmicrosoft.com mpaka utatue. Mara nyingi ni akaunti iliyowahi kuundwa hukohuko juu kwa mkono.

Fundi, rudi kwenye wale wenye toleo 3. Hao walibadilishwa baada ya kuzaliwa, na hakuna nadharia humu iliyowaeleza: si ya Uru, si ya Karanga, si ya Sakina. DC ipi imeandika badiliko la mwisho, na saa ngapi?

#31 Fundi wa Pasua
DC ya Moshi, usiku. 4781 ya siku hiyo imeshafutika kwenye logi. Nimeongeza ukubwa wa logi, na ninafuatilia kazi zote za usiku zilizopangwa kwenye seva zetu. Ipo moja ambayo hakuna mtu kitengoni anayekumbuka nani aliiweka. Nikiifungua nitaleta yaliyomo hapa.